Rafiki Amelala, Ibada ya Nyumbani Kwake Isilale

Rafiki Mkristo akifariki, wenzake huwa wepesi wa kuchanga. Turubai, viti, mpiga video, fulana zenye sura yake, na mwaka ukizunguka inaundwa kamati nyingine ya ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba. Hayo yana heshima yake. Lakini kama marehemu alijulikana kwa nyumba inayosali, naamini deni letu la kwanza liko sebuleni kwake, saa ile ya jioni aliyozoea kufungua Biblia.

Ibada hiyo hukatika kimyakimya. Siku za matanga nyumba imejaa, kwaya inaimba, mwinjilisti anaongoza sala kila jioni. Matanga yakianuliwa, wageni wanaondoka na mwinjilisti naye, na hakuna wa nyumbani aliyeshika nafasi. Watoto wanarudi bweni. Mama anaona uzito kuanza wimbo peke yake, au anamsubiri shemeji aje kuongoza, wakati shemeji ana nyumba yake ya kuangalia.

Hili la kumsubiri mwanamume halina msingi. Paulo anaitaja imani ya Timotheo kuwa ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na Matendo 16:1 inasema mama huyo ndiye aliyeamini, lakini baba yake alikuwa Myunani. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa, alipotoa Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliipanga ili mkuu wa kaya aweze kuwafundisha watu wake kwa urahisi. Katika nyumba hii mkuu huyo sasa ni mama, na marafiki waliseme wazi mbele ya ukoo, siku ileile ya kikao cha familia.

Ibada yenyewe iwe fupi. Dakika 15 zinatosha: beti mbili za wimbo ambao hata mdogo anaujua, nusu sura ya Biblia, swali moja, maombi yanayotaja watu kwa majina, kisha Baba Yetu. Waanze na Marko. Ina sura 16, kwa hiyo mwezi mmoja hivi unaimaliza. Wanaoanza na Mwanzo huenda vizuri hadi vipimo vya hema katika Kutoka, na wakifika sadaka za Walawi watoto wameshachoka. Baada ya Marko, Zaburi moja kila jioni; ile ya 119 igawanywe kwa mafungu yake 22 ya aya nane nane. Saa ipangwe kabla ya chakula, kwani wakishashiba wadogo husinzia na wakubwa hushika simu. Na maombi yasigeuzwe kuwa mahali pa kumsema mtoto aliyefeli au aliyechelewa kurudi. Mtoto akisemwa mbele za Mungu mara mbili, ya tatu atatafuta sababu ya kutokuwepo.

Kazi ya marafiki hapo ni zamu. Kwa miezi mitatu ya kwanza, kila wiki mmoja wao afike jioni moja, aketi, aimbe, aitikie, aondoke. Asiongoze, na asimfanye mama aingie jikoni kwa ajili yake.

Biblia ya marehemu isiwekwe kwenye jeneza. Mistari aliyopigia, tarehe za ubatizo na kipaimara alizoandika kwenye kurasa za mbele, vyote hivyo watoto watavihitaji. Kila ukurasa wenye mwandiko wake upigwe picha mchana karibu na dirisha, na nakala zikae kwa watu wasiopungua wawili. Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Kitabu kisifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, hasa Pwani, kwa sababu unyevu ukinaswa humo ukungu huota. Kikae rafuni juu, mbali na sakafu na mchwa. Sauti zake zilizo kwenye simu zihamishwe mapema, kabla simu haijafutwa na kupewa mwingine.

Linalohitaji upole kuliko yote ni kijana aliyemkasirikia Mungu. Yupo katika nyumba nyingi za msiba, na kosa la kawaida ni kumlazimisha aombe kwa sauti, au kumwambia baba yake angesikitika. Aachwe aketi. Apewe kazi isiyomdai maneno yake mwenyewe, kama kusoma fungu la siku. Na Zaburi ya 13 na ya 88 zisirukwe kwa kuogopa kumtonesha. Ya 88 inaishia gizani bila faraja yoyote, nayo imo ndani ya Biblia ileile aliyoishika baba yake. Asomewe au aisome mwenyewe, na jioni hiyo asiwepo wa kumhubiria.