"Blithe": Furaha ya Asiyejua Shida

Kwa karne nyingi neno la Kiingereza "blithe" lilimsifu mtu mwenye bashasha, asiye na kinyongo wala wasiwasi. Siku hizi ukilikuta gazetini, mara nyingi linasuta: mkubwa fulani kaonywa, kapuuza, na wala hana habari. Walinzi wa lugha wanalalamika kwamba neno zuri limechafuliwa.

Wana hoja. Ndugu yake wa Kiholanzi, "blij", hadi leo ni furaha tupu. Kwa Wagothi, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani, "bleiths" ilikuwa huruma: katika Injili ya Luka aliyoitafsiri askofu wao Wulfila, karne ya 4, ndilo neno la pale Yesu anaposema Baba yenu ana huruma. Kutoka huruma ya Mungu hadi ubaridi wa mkubwa wa ofisi, ni kuporomoka kwelikweli.

Ila walinzi hao hawadai huruma irudi. Wanadai uchangamfu, ambao nao ulikuja kwa maana kuhama. Na shahidi wao mkuu, mshairi Mwingereza Shelley, anawageuka. Mwaka 1820, akiwa Italia, alimsalimu ndege aitwaye kipozamataza kwa neno hilo, "blithe Spirit" (roho yenye bashasha), kisha akahoji wimbo wake unachota wapi furaha yote ile. Je, ni kwa sababu ndege hajui maumivu? Sisi watu, anasema, tunatazama mbele na nyuma tukitamani kisichopo, na hata kicheko chetu kina uchungu ndani. Ndege hana mzigo huo. Basi sifa yenyewe imejengwa juu ya kutojua, na kutojua hakumdhuru yeyote mradi aliye nako anaruka angani. Mpe mwenye madaraka moyo uleule, usiowahi kuguswa na shida, uone atakavyoziona shida za wengine. Wahariri wa magazeti hawakuipachika lawama, waliikuta humo.

Mwandishi wa tamthilia Mwingereza, Noël Coward, aliiona mapema. Mwaka 1941 aliazima salamu ya Shelley kuipa jina tamthilia yake, Blithe Spirit, iliyochezwa London mara 1,997. Roho mwenyewe ni Elvira, mke marehemu anayerudi nyumbani: mcheshi, mtundu, anapendeza kumtazama. Anaharibu gari ili mumewe afe amfuate, na anayekufa ni mke wa pili. Sijui mlinzi wa lugha atamweka Elvira upande gani, kwenye bashasha au kwenye kutojali, maana Coward hakuvitenganisha, na watazamaji walicheka vyote viwili.