Mwenye mkopo wa nyumba huwa ameridhika

Nimeletewa ripoti nyingine ya kuridhika kwa wafanyakazi wa benki, na kama kawaida imewapanga watu kama noti kwenye droo: wanawake huku, wanaume kule, wenye ndoa, wasio na ndoa, wenye shahada, wasio nayo. Hitimisho: wenye umri mkubwa na familia wameridhika zaidi. Basi kazi imeisha, tuajiri wenye familia!

Hivi kuna aliyemwuliza huyo mwenye familia habari za mkopo wake? Aliyefanya kazi benki anajua ninachosema. Unapewa mkopo wa nyumba kwa riba ya wafanyakazi, nafuu kuliko ya mteja. Ukiacha kazi, mara nyingi riba inapanda hadi ile ya soko, au unadaiwa kilichobaki. Sasa mchukue mtu mwenye mkopo huo, ana watoto, ana wazazi wanaomtegemea. Mpe dodoso lenye nembo ya mwajiri juu. Mwambie majibu ni siri, lakini ajaze umri, jinsia, cheo na tawi. Tawi lenyewe lina watu saba! Mlitegemea aandike nini? Ameridhika sana, mkubwa. Kijana asiye na deni wala mtoto ndiye anayesema ukweli, kwa sababu anaweza kuhamia benki nyingine mwezi ujao. Huyo tunamwita hana uvumilivu.

Sikatai, umri una lake. Mwaka 1996 watafiti Clark, Oswald na Warr walichambua majibu ya wafanyakazi zaidi ya 5,000 wa Uingereza, wakakuta kuridhika kunashuka katika miaka ya mwanzo ya kazi halafu kunapanda. Lakini soma na maelezo waliyoyapendekeza: huenda matarajio hupungua mtu anapoona hana kazi nyingine ya kukimbilia. Hiyo mbona haiwekwi kwenye slaidi ya rasilimali watu?

Mwaka uliofuata Clark akaja na la wanawake: walisema wameridhika kuliko wanaume ingawa kazi zao zilikuwa duni zaidi. Tofauti hiyo ikatoweka kwa vijana na kwa waliosoma sana. Yaani aliyezoea kupewa kidogo ndiye anayeshukuru, na anayejua anachostahili ndiye msumbufu wa ofisi.

Ndiyo maana mwenye shahada ya uchumi anayekaa kaunta ananuna. Kutwa nzima anahesabu noti, anagonga mihuri, jioni anaomba Mungu asipate shoti, yaani fedha zisipungue kwenye hesabu, maana ikitokea itatoka mfukoni mwake. Pembeni yake yupo aliyelelewa katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kupokea mshahara. Dirisha ni lile lile, malengo ni yale yale, lakini huyu anaona amefika na yule anaona amekwama. Hapo hali ya mtu ina uzito kweli, na ndipo dodoso halifiki. Linauliza una watoto wangapi, haliulizi nyumbani kwenu wanaitazamaje kazi hiyo.

Ndoa? Inategemea umeoana na nani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya mambo ya jinsia na umri yanamfaa meneja kukwepa swali la malengo ya mauzo anayowapangia watu. Benki ya Wells Fargo, Marekani, ilifukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba, mambo yakawekwa hadharani mwaka 2016 na faini ya dola milioni 185 juu yake. Walikuwa wanakimbizana na malengo hayo. Ungewapanga kwa umri na ndoa mpaka kesho, usingegundua kilichokuwa kinawasukuma.

Mnaotunga madodoso, nawaomba mwongeze swali moja tu: deni lako la hapa likifutwa leo, kesho utakuja kazini? Na karatasi zikusanywe na mtu asiyekula chakula cha mchana na meneja wa tawi.