Aliyekula Ni Mimi, Madam

Kabla sijasimulia, naomba mjue kwamba siku hiyo sikuwa nimetia kitu tumboni. Si kufunga, si ugonjwa, ni mfuko tu. Nilikuwa mwanagenzi wa lishe katika hospitali moja ya kaunti huku Pwani, mwezi wa pili bila mshahara. Na huwezi kuyakimbia mafunzo haya, maana bila KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe Kenya, kukusajili, shahada yako ya miaka 4 ni karatasi ya kufungia mahamri. Basi nikatembea kwa miguu, matatu nikiziacha zipite kama si za njia yangu, nikafika kliniki tumbo linanguruma kama tuktuk mbovu. Mimi, niliyesomea kuwaambia watu wasiruke kiamshakinywa.

Ilikuwa siku ya watoto wenye utapiamlo. Msimamizi wetu, tuliyemwita Madam tu, alikuwa mtu wa hesabu. Kila pakiti ya Plumpy'Nut, chakula cha tiba cha watoto hawa, ambayo akina mama wameifupisha ikawa plampi, ina mstari wake kwenye rejista. Hata pakiti tupu lazima zirudishwe zihesabiwe, kwa sababu zile nzima zina miguu, zikitoka hapo unaweza kukutana nazo dukani.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mvulana wa miezi 14, kilo 6.8, amepakatwa na nyanyake waliyetoka naye Ganze alfajiri. Nikamzungushia utepe mkononi, ukasoma sentimita 11.2. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali.

"Mfanyie jaribio la hamu," Madam akasema, akaelekea wodini.

Darasani jaribio hili ni jambo jepesi. Mikono inaoshwa, maji ya kunywa yanawekwa karibu, mtoto anapewa plampi nawe unatazama. Huyu wa kilo 6.8, akila angalau robo pakiti na hana homa wala uvimbe, anatibiwa akiwa nyumbani. Akikataa analazwa, anaanzishwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75. Halazimishwi. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa ghibu.

Mtoto naye hakuwa ameyasoma. Akafunga mdomo kama duka siku ya Ijumaa saa saba.

Nyanya akanikazia macho. "Dakitari, we mwenyewe waila hii?"

"Naila, nyanya. Tamu sana."

"Haya, ila nikuone."

Nikaikata kona, nikaminya. Ikachungulia pole pole kama dawa ya meno, rangi ya kahawia, mafuta yakitangulia mbele. Nikalamba kidole. Jamani! Ni njugu za kusagwa, maziwa ya unga, sukari na mafuta, yaani kashata ambayo haijaganda. Vitamini na madini yamo, lakini ulimi hauna habari nayo.

"Mmmm," nikamwambia mtoto. Ile ya kwanza ilikuwa ya kazi. Ya pili pia, tuseme. Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500, na mimi nilikuwa nazihesabu kichwani jinsi zinavyoshuka, 100, 200, mpaka mahali fulani baada ya 300 hesabu ikanipotea. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa naikunja ile pakiti kutoka chini kwenda juu ili kona zisibaki na kitu, kwa ustadi ambao sijauonyesha tena katika taaluma hii.

Nilipoinua macho, benchi zima kimya. Mtoto amenikodolea, mkono ameunyoosha kuelekea pakiti tupu. Kisha akaangua kilio.

Na mlango ukafunguka.

"Jaribio limekwendaje?" Madam akauliza.

Nikafungua kinywa, njugu zikanikaba. Nyanya akanijibia. "Amekula yote, mamangu. Hata tone hakubakisha."

"Pakiti nzima!" Madam akafurahi, kalamu hiyo kwenye rejista. Nikaiona inaandika *amefa...* Hapo ndipo nilipozinduka. Mtoto ambaye hajaonja chochote alikuwa anarudishwa Ganze kwa hamu ya kula ya mtu mwingine.

"Madam, aliyekula ni mimi."

Benchi likavunjika mbavu. Kuna mama ilibidi amkabidhi jirani mtoto wake ndipo apate kucheka kwa nafasi. Madam hakucheka. Alinitazama kidevuni, ulipokuwa umebaki ushahidi, akauchukua ule utepe wa watoto akanizungushia mkono mbele ya umma.

"Kijani," akatangaza. "Huyu hatumwandikishi."

Kisha akanisogezea rejista nieleze mwenyewe ilikokwenda pakiti. Nikaandika, "Imetumika kwa maonyesho." Akanirudishia. Nikaandika, "Imeliwa na mwanagenzi." Akatia sahihi.

Ikafunguliwa pakiti ya pili, na safari hii aliishika Madam. Mtoto hakungoja kubembelezwa. Aliidaka kwa mikono miwili, akanyonya mpaka akapita theluthi, na kila nilipojongea karibu aliivutia kifuani akanigeuzia mgongo.

Wiki iliyofuata nyanya alirudi na pakiti tupu zote, zimepangwa na kufungwa kwa uzi. Madam akahesabu, hazikupungua. Mtoto akapandishwa kwenye mizani, uzito umeongezeka. Nyanya akafungua pindo la leso, akatoa mihogo ya kuchemsha, akamkabidhi Madam. Mimi hata hakunitazama.

"Mpeni yule dakitari ale kwanza," akasema. "Akishashiba, ndipo mnitolee pakiti za mjukuu wangu."