Nilikwenda Kuwachunguza Wacheza Poka

Nilipojiunga na meza ya poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, nilikuwa na daftari, kalamu mbili na kibali cha msimamizi wangu cha kufanya uchunguzi shirikishi, yaani kukaa na watu, kutenda watendayo na kuandika ninayoyaona. Hakuna aliyeniambia kwamba neno "shirikishi" lina ada yake, na kwamba ada hiyo hukusanywa usiku wa manane na watu waliovaa miwani nyeusi.

Jambo la kwanza nililoandika ni kwamba mcheza poka hajapata kushindwa: hushinda kwa akili zake, na hufilisika kwa bahati mbaya. Kila mmoja ana kisa chake cha karata ya mwisho, naye hukisimulia bila kuruka kitu: alikaa kiti gani, nani alipandisha dau, karata ipi ilifunuliwa. Wenzake hawamsikilizi hata kidogo. Huchezesha vibao vyao vya dau kwa vidole, traka traka, wakingoja avute pumzi ili waanze chao. Usiku mmoja nilihesabu visa 14, na pambizoni nikaandika kwa dharau ya msomi: "Hawa hawajui hesabu."

Hesabu yenyewe iko wazi. Ree mbili mkononi hupatikana kwa wastani mara 1 katika migawo 221, na zikikutana na wafalme wawili hushinda takriban mara 4 kati ya 5. Ile mara ya tano lazima imwangukie mtu, na mtu huyo hana haki ya kulia.

Juzi ikaniangukia mimi. Nilishika ree ya kopa na ree ya shupaza, nikasukuma vibao vyote katikati ya meza bila mkono kutetemeka, jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo (kwa ajili ya utafiti tu). Mshiriki Na. 6, ambaye huomba radhi kabla ya kumfilisi mtu, akasema, "Samahani, ndugu yangu," akaonyesha wafalme wawili. Karata nne za pamoja, zile za mezani ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili zake za mkononi, zilifunuliwa bila kumfaa kitu. Ya tano ikawa mfalme wa uru: wafalme watatu kwake, ree mbili kwangu.

Asubuhi msimamizi wangu aliniuliza nimegundua nini. Nikavuta kiti.

"Mwalimu, hebu sikiliza. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu..."

Akachukua kalamu yake, akaanza kuichezesha kwa vidole, akingoja nivute pumzi.