Mwambieni dereva asubiri

Agosti, Kogatende, kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu wamejazana ukingoni mwa Mto Mara wakitaka kuvuka, wanasukumana, wanarudi nyuma, wanasogea tena. Dereva mmoja akiwaona tu anabonyeza redio kolu, na muda si mrefu vumbi limetanda, Landikruza zinatoka kila upande kuwahi nafasi ya mbele. Zikiziba njia ya kuteremkia, nyumbu wanageuka, au wanajitupa penye genge kali.

Ndiyo maana sishangilii haraka nikisikia habari za utalii janja, yaani utalii unaoendeshwa kwa teknolojia. Redio kolu, simu, makundi ya WhatsApp, vyote tunavitumia kuitana. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifika Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro. Hiyo naiunga mkono, maana mpanda mlima akizidiwa, msaada unaitwa upesi. (Selfi nazo zinapita hapohapo, sawa tu.) Ila cha kumwambia mtu "subiri" bado sijakiona.

Wala hakihitaji maajabu. Gari likiingia getini lipewe kifaa cha GPS kinachoonyesha lilipo, eneo wanapovukia nyumbu liwekewe mpaka, na idadi ikitimia dereva aambiwe: pamejaa, rudi saa tisa. Mtandao ukisumbua, redio kolu hiyohiyo itangaze. Atakayelazimisha, faini iende kwa kampuni, si kwa dereva peke yake. Anayemsukuma mara nyingi ni mgeni aliyelipa maelfu ya dola, na tipu ya dereva iko mfukoni mwa mgeni huyohuyo. Mfumo ukikataa, angalau dereva ana cha kumjibu.

Najua wapo watakaolia na mapato. Rwanda kila familia ya sokwe wa milimani (gorila) inatembelewa na watalii wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu, na tangu 2017 kibali cha mgeni ni dola 1,500. Wageni hawajakimbia. Lakini kule idadi ilikubaliwa kwanza, kompyuta ikaja kusaidia kuuza vibali. Sisi tukinunua mitambo kabla ya kuamua gari ngapi zinatosha pale mtoni, tutaishia kuwa na takwimu safi za msongamano uleule. Na idadi hiyo isitungwe ofisini Arusha. Waulizwe askari wa Kogatende, na madereva wanaokaa pale msimu baada ya msimu.