Kisa Kikikwama, Kaa na Mhusika

Mswada ukikwama katikati, ushauri wa haraka ni kuongeza tukio: ua mtu, choma nyumba, leta barua ya siri. Mimi naamini dawa mara nyingi ni kukiacha kisa kwanza, ukae na mhusika mpaka ujue anaogopa nini na anaficha nini.

Itazame Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza mwenye miaka 52. Riwaya inaelekea kwenye harakati za kudai uhuru Zanzibar, na mwandishi angeweza kumrusha binti huko tangu mwanzo. Badala yake anatukalisha ndani ya ndoa ile, tuuone upweke wa mtoto aliyefungwa kwa mtu wa umri wa babake. Ndiyo maana Yasmin anapomkimbia mumewe, akakataliwa na jamaa zake na kupokewa na rafiki yake Mwajuma mtaani Ng'ambo, Zanzibar, hakuna hatua inayoonekana ya kubandikwa. Hata Denge, mwanaharakati wa uhuru, anapoingia, mlango uko wazi tayari.

Upande wa pili nao una haki yake. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, hawakupendwa kwa sababu tuliyajua majonzi yao ya utotoni. Tuliwafuata kwa taharuki. Msomaji wa hadithi ya mfululizo gazetini anangoja wiki nzima. Ukimpa toleo zima la mtu anayetazama dirishani akikumbuka kijijini kwao, umemnyima alichokilipia. Nimesoma riwaya nzuri zilizouawa na mbinu rejeshi, yaani kurudi kwenye yaliyopita, ya kurasa tano katikati ya mkimbizano.

Kinachochanganywa hapa, nadhani, ni kusimama kwa mwandishi na kusimama kwa msomaji. Katika mswada wangu mmoja kulikuwa na kondakta wa daladala ambaye, kwa mpango niliouandaa, alitakiwa kumwibia tajiri wake. Sura ile haikuandikika, nikajaribu mara tatu. Mwishowe nikaiweka kando, nikaandika siku yake moja tu, tangu alfajiri hadi usiku, kurasa sita. Jioni, kabla ya kupeleka hesabu, nikamwona anapanga noti zote zielekee upande mmoja. Iliyochanika anaitia mfukoni mwake, anaweka nzima kutoka kwenye posho yake.

Mtu huyo haibi. Lakini akisingiziwa wizi, hatalala. Basi kisa kikageuka chenyewe: tajiri ndiye anayemsingizia, mbele ya wapiga debe wote pale stendi, na sura tatu zilizofuata ziliandikika ndani ya wiki mbili. Katika zile kurasa sita, iliyoingia kitabuni ni mistari minne ya noti. Msomaji anaipita bila kupunguza mwendo.