Damu ya kitovu haijasema yote

Mwandishi wa makala niliyoisoma ametutisha bure aliposema binti wa mama mwenye PCOS, tatizo la homoni linaloathiri ovari, huzaliwa na homoni nyingi za kiume. Vipimo vya damu ya kitovu cha mabinti hao vimepishana: vingine vilikuta testosteroni imepanda, vingine hakuna tofauti, na kuna vilivyokuta androstenedioni, homoni nyingine ya kiume, imeshuka. Kondo la nyuma lina kimeng'enya, aromatesi, kinachogeuza sehemu kubwa ya homoni hizo kuwa estrojeni kabla hazijamfikia mtoto. Ulionigusa mimi ni utafiti wa Chile, na makala imeuruka: vichanga wa kike wa miezi 2 hadi 3, wa mama wenye PCOS, walikuwa na AMH, homoni itokayo kwenye vifuko vya mayai, ya juu kuliko wenzao wa mama wasio na PCOS. Nina PCOS, nina binti wa miaka 4. Simpeleki maabara, namwangalia tu anavyokua.